Uzi wa malalamiko: Yule mtaalamu wetu wa Unguja amenidhalilisha mbele ya mama mkwe

Babu wa Uluguru:
Wakuu, salamu zitakuja baadaye. Ninaandika kutoka Jambiani, nikiwa na hasira ambayo haijapoa. Sitamtaja mtu jina, maana nyote mnamfahamu yule ambaye kila mgeni akiuliza habari za Unguja yeye huwa wa kwanza kujibu, na ambaye hata kwenye picha yake amevaa miwani ya kuogelea. Nilimwuliza kwa adabu zote tufikie upande gani, mimi, mke wangu, watoto, pamoja na mama mkwe ambaye safari nzima ilikuwa zawadi yake. Akajibu kwamba nifumbe macho na kuchagua popote pwani ya mashariki.

Leo saa nne asubuhi watoto wamekwisha kuvaa maboya, mama mkwe amejifunga khanga mpya, tunatoka nje: bahari haipo. Yamebaki mashamba ya mwani na kinamama wanaovuna, ambao walitutazama kwa huruma iliyopita kiasi. Tuliyafuata maji hadi nikahofia kudaiwa hati ya kusafiria. Nikampigia simu, nikaweka sauti kubwa ili mama mkwe asikie maelezo ya kitaalamu, naye akaniuliza: "Kwani wewe ulitaka bahari au ulitaka bwawa?"

Bahari au bwawa, wakuu! Mbele ya mama mkwe! Tangu hapo mama ametamka sentensi moja tu: "Bwawa la Mindu kule kwetu Morogoro lina maji."

Mtoto wa Makunduchi:
Pole, sheikh wangu, lakini maji hayakuibwa. Pwani yote hiyo, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na hapo ulipo, ina mwamba wa matumbawe mbali na nchi kavu, na ndani ya mwamba huo kina ni kifupi. Jana mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo hili ni bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na kupwa kwenyewe huangukia saa nne au saa tano asubuhi. Ikifika saa kumi jioni utaogelea mlangoni pako. Kumleta mkwe siku za bamvua na kuilaumu pwani si haki.

Babu wa Uluguru:
Ndugu yangu, mimi sikulalamikia mwezi. Nimeulizwa kama nilitaka bahari au bwawa, simu ikiwa na sauti kubwa, na mama mkwe akiwa na taulo begani.

Nahodha Mstaafu:
Mimi ningejibu bwawa, nikaiokoa siku.

Bi Tausi:
Afadhali wewe umekosa maji. Mimi bwana huyo huyo alinipeleka Nungwi baada ya kumweleza kwamba natafuta utulivu wa kumalizia tasnifu yangu. Ni kweli kwamba kule kaskazini kina kiko karibu na mtu huogelea karibu saa zote, lakini muziki ulipigwa hadi alfajiri, na mchana papasi, wale madalali wa watalii, walinifuata wakiniuzia safari ya kisiwa cha Mnemba hata nilipokuwa nimesinzia. Tasnifu ilibaki kwenye sura ileile niliyokwenda nayo.

Nahodha Mstaafu:
Bibi, ulipaswa kusogea Kendwa, ni jirani tu.

Bi Tausi:
Kendwa ambako wanakesha wakicheza ufukweni kila mwezi ukiwa mpevu? Asante sana kwa ushauri.

Mlalahoi Mtalii:
Nanyi mna bahati. Mimi alinipeleka Paje mwezi wa saba, kusi ikivuma kwa nguvu zake zote. Kila nilipoinua kichwa majini alipita mgeni juu ya ubao, akivutwa na tiara kubwa kuliko paa la nyumba yetu. Niliogelea kwa kuvizia.

Babu wa Uluguru:
Wakuu, turejee kwenye mada. Bahari au bwawa. Mbele ya mama mkwe.

Mkaazi wa Malindi:
Ninyi nyote mmekosea tangu mwanzo. Mtu hulala Mji Mkongwe, akaamka, akapanda daladala, akaenda pwani ambayo siku hiyo ina maji, jioni akarudi kunywa urojo.

Mlalahoi Mtalii:
Alale Mji Mkongwe asikie kengele na adhana na paka kwa wakati mmoja?

Mpemba Halisi:
Nimesoma uzi wote kwa utulivu na sijaona mtu aliyeitaja Pemba. Vumawimbi kuna mchanga mrefu, msitu wa Ngezi uko nyuma yake, na hakuna atakayekuuzia chochote. Ila kila mwaka mnakimbilia Unguja, kisha mnakuja kulia hapa.

Bi Tausi:
Hebu nieleze vizuri, kaka. Usiku huko kuna muziki?

Mpemba Halisi:
Kuna popo tu, dada, na wenyewe pia wamechagua kukaa Kidike, mbali na hapo.