Nasonia au Habrobracon: nyigu yupi anafaa zaidi kwa kufundishia kromosomu na jinsia?

Mpenda_Wadudu

Ndugu wanajukwaa, ninaandaa mazoezi ya vitendo kwa wanafunzi wa biolojia, na ninataka wajionee jinsi nyigu vimelea wanavyopata jinsia bila kuwa na kromosomu za X na Y. Yai lisilorutubishwa hutoa dume mwenye seti moja ya kromosomu, ile ya mama, na yai lililorutubishwa kwa kawaida hutoa jike mwenye seti mbili. Nimebaki na nyigu wawili wa kuchagua: Nasonia vitripennis, ambaye seti yake ina kromosomu 5, na Habrobracon hebetor, mwenye 10. Waliowafuga wote wawili, naomba ushauri.

Hadubini_Safi

Kwa kazi ya slaidi, mimi humchagua Nasonia. Kromosomu 5 za dume, zikitawanyika vizuri, huhesabiwa hata na mwanafunzi anayetumia hadubini kwa mara ya kwanza. Chukua ubongo wa buu aliye karibu kuwa pupa, kwa sababu seli zake bado zinagawanyika. Zaidi ya hayo, mabuu waliosimamisha ukuaji hukaa kwenye jokofu kwa muda mrefu, hata kupita mwaka, kwa hiyo hulazimiki kutafuta pupa wa nzi wa kuwalisha kila wiki. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, nayo imesomwa tangu mwaka 2010.

Jeni_na_Mayai

Kuhusu slaidi sina pingamizi, lakini swali la ndugu yetu ni la jinsia, na hapo Habrobracon hana mpinzani. Mtafiti wa jenetiki P. W. Whiting alipowapandisha majike wenye macho ya rangi ya chungwa kwa madume wenye macho meusi, alitarajia wana wote wa kiume wafanane na mama, kwa kuwa hawana baba. Hata hivyo, baadhi yao walitokea na macho meusi, maana yake walikuwa wamerithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Maelezo aliyoyachapisha mwaka 1943 ni kwamba jinsia hutegemea sehemu moja ya jenomu yenye aleli nyingi, yaani matoleo tofauti ya sehemu hiyo: mwenye aleli mbili tofauti huwa jike, mwenye aleli moja tu huwa dume, na mwenye aleli mbili zinazofanana naye huwa dume, ingawa ana seti mbili za kromosomu. Ndiyo maana kupandisha ndugu kwa ndugu humdhuru nyigu huyu: wenzi wakishiriki aleli hiyo, nusu ya mayai yaliyorutubishwa huelekea kuwa madume, ambao wengi hufa mapema na waliosalia ni karibu tasa.

Nasonia hatakuonyesha hayo, hata ukiwapandisha ndugu vizazi vingi. Kwake, jeni iitwayo wom, iliyoelezwa mwaka 2020, hufanya kazi katika nakala ya baba tu. Ile ya mama huwa imezimwa, kwa hiyo yai lisilo na baba huwa dume. Ni utaratibu wa kuvutia mno, ila mwanafunzi hawezi kuuona kwa macho.

Mpenda_Wadudu

Nashukuru sana. Je, kama wote wana macho meusi, dume mwenye seti mbili atatambulikaje?

Jeni_na_Mayai

Tazama bawa lake. Seli zake ni kubwa kuliko za dume wa kawaida, na kwa kuwa kila kinyweleo huota kwenye seli yake, vinyweleo vyake huwa vimeachana zaidi.

Kizazi_cha_Tatu

Yeyote utakayemchagua, chunguza kwanza asili ya kundi lako. Baadhi ya Nasonia wa porini hubeba kromosomu ya ziada iitwayo PSR, ambayo huingia kupitia manii na kuziangamiza kromosomu nyingine zote za baba, huku yenyewe ikisalimika. Yai lililorutubishwa linageuka dume. Kinyume chake ni nyigu vimelea mwingine, Encarsia formosa, ambaye bakteria wa Wolbachia humfanya azae majike bila kupandwa. Makundi ya aina hii yataharibu hesabu zako zote.

Mpenda_Wadudu

Basi nitamchukua Habrobracon kwa ajili ya kupandisha, nikianza na majike wa macho ya chungwa na madume wa macho meusi wa ukoo wao. Kwa kuwa si kila jozi itakuwa imeshiriki aleli, nitaandaa jozi nyingi. Nasonia nitamtumia katika kipindi kimoja tu cha slaidi.