Ushauri: Nataka kasha la kompyuta la mbao ya mninga, nianzie wapi?

Tembo_Mtulivu
Habari za jioni wakuu. Nipo Temeke, Dar. Nimenunua vifaa vya kompyuta kidogo kidogo hadi vimetimia: mazabodi (ubao mkuu wa sakiti) ya saizi ya Micro-ATX, prosesa Ryzen 5 5600 na feni yake iliyokuja nayo boksini, kadi ya grafiki GTX 1660 Super na pawasapulai ya kawaida ya ATX. Kilichobaki ni kasha. Ya dukani mengi ni vioo na taa za rangi, na mashine hii itakaa sebuleni juu ya kabati la mninga alilotuachia marehemu babu. Natamani vifanane. Nina fundi wangu Keko, kazi yake naiamini, ila kitu cha namna hii hajawahi kukichonga, anasubiri vipimo kutoka kwangu. Nisaidieni: mbao si itashika moto? Nitumie mninga au plaiwudi? Na ule upande wa nyuma wenye matundu ya kuchomekea nyaya, vipimo vyake nampaje?

Kandambili
Mkuu, nunua kasha la bati uendelee na maisha. Mbao na umeme haviivi chungu kimoja. Waya mmoja ukigusana na mwingine umeunguza sebule nzima pamoja na hilo kabati la babu.

BintiSakiti
Kaka Tembo, tuanze na moto maana ndio unatisha watu. Mbao haishiki moto mpaka ifike kwenye nyuzi 250 na zaidi. Hiyo Ryzen kikomo chake ni nyuzi 90, ikikaribia hapo inajipunguza kasi yenyewe, na hewa ndani ya kasha lenye feni haikaribii hata nusu ya zile 250. Kwa hiyo joto la kawaida haliwezi kuichoma mbao. Hatari aliyoitaja Kandambili ipo kweli, lakini inatoka kwenye pawasapulai mbovu na viungo vilivyolegea. Nunua pawasapulai nzuri, iache ndani ya bati lake, usiifungue, na tumia plagi ya miguu mitatu kwenye soketi yenye ethi inayofanya kazi.

Kuhusu vipimo vya nyuma, usimtese fundi. Tundu la bamba la nyuma la mazabodi ni milimita 158.75 kwa 44.45, na nafasi kati ya kadi na kadi ni milimita 20.32. Hizo namba kwa msumeno na mbao ni mateso, ukikosea milimita moja kadi haikai. Nenda Kariakoo kwa wanaouza kompyuta chakavu, tafuta kasha bovu la bati linalopokea ATX, yaani vipimo vya kawaida vya mazabodi na pawasapulai. Kata kwa grainda ukuta wa nyuma pamoja na lile bamba linalobeba mazabodi, vitoke vikiwa vimeshikana. Hapo matundu yote yamekuja tayari, na zile nguzo ndogo za shaba za kuinulia mazabodi unazikuta humo humo. Kingo zilizokatwa zipige tupa vizuri, unga wa chuma ukibaki ni hatari kwa sakiti.

Ila hakikisha kasha unalonunua si la zile mashine ndogo za ofisi. Nyingi zina vipimo vyao wenyewe.

MzeeRanda
Kijana wangu, nimechonga makabati muda mrefu, la kompyuta sijachonga, lakini mninga naufahamu. Umechagua vizuri. Ni mbao tulivu, ikishakauka haipindipindi hovyo. Ila tulivu haina maana kwamba imekufa. Mbao yoyote hapa pwani hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, na hutanuka kwa upana wake, urefu haubadiliki wa kuonekana. Ukiibana na bati pande zote kwa skrubu itapasuka.

Ushauri wangu: mwambie fundi atengeneze boksi la mbao nne, chini, juu na pande mbili, nyuzi za mbao zikizunguka boksi zima uelekeo mmoja. Pembe aziunganishe kwa meno na gundi. Zikitanuka zinatanuka pamoja, hakuna inayomvuta mwenzake. Hilo bati alilosema binti liingie kwa nyuma kama droo, libanwe kwa skrubu upande wa nyuma tu, kwa mbele liwe huru. Hapo mbao inacheza inavyotaka, na siku ya kusafisha unavuta droo yote inatoka.

Na sehemu nyeupe ya pembeni ya mninga usikubali iwekwe, hata kidogo. Wadudu wanaotoboa mbao wanaipenda. Ndani ya miezi utaona unga chini ya kasha.

Tembo_Mtulivu
Shikamoo mzee. Hili la droo sikuliwaza kabisa, na naona limejibu mambo mengi. Fundi ana mbao za inchi moja kwa kumi, na kasha nadhani litahitaji kina cha sentimita 40 hivi. Aunge mbili?

MzeeRanda
Marahaba. Ndiyo, aziunge ubavu kwa ubavu kwa gundi, kisha apige randa zibaki milimita 15. Kabla ya kuchonga, mbao zikae ndani ya nyumba yako wiki kadhaa zizoee hewa ya hapo. Watu wengi hawana subira kwenye hili, halafu wanamlaumu fundi.

Ngalawa
Naongezea hewa. Mbao haitoi joto kama bati, kwa hiyo joto lote lazima litoke na upepo. Kadi yako peke yake ni wati 125, prosesa 65. Weka feni mbili za milimita 120 mbele zikivuta ndani na moja nyuma ikitoa. Matundu ya skrubu za feni hizo yanapishana milimita 105. Mbele fundi aweke fito nyembamba zilizosimama, na nyuma ya fito kitambaa cha stokingi kwenye fremu inayochomoka. Neti ya mbu matundu yake ni makubwa, vumbi la Dar linapita. Chini atoboe mahali pa feni ya pawasapulai na aweke miguu ya sentimita 2.

Faida moja: mbao haizuii Wi-Fi, antena unaweza kuificha ndani.

Kandambili
Na mawimbi je? Bati ndilo linalozuia kompyuta isikoroge redio. Mama yangu akisikiliza taarifa ya habari redio inakwaruza kila kompyuta ya jirani ikiwaka.

BintiSakiti
Swali zuri. Bati la nyuma na la kubebea mazabodi litapunguza kiasi. Akitaka zaidi, abandike ndani ya mbao shiti nyembamba ya alumini, isiwe foili ya jikoni inayochanika na kuangukia sakiti, na aiunganishe kwa waya kwenye lile bati. Kwa upande wa Wi-Fi hapo antena itabidi itoke nje. Kama redio ya nyumbani haikwaruzi, asihangaike.

Swichi ya kuwashia, tumia ya kubonyeza na kuachia. Nyaya zake ni mbili tu na ukizigeuza hakuna kinachoharibika.

Tembo_Mtulivu
Asanteni sana, ndugu zangu. Jumamosi naenda Kariakoo kutafuta kasha bovu, mbao naleta nyumbani wiki hii. Mzee, swali la mwisho: vanishi nipake nje tu?

MzeeRanda
Nje na ndani, idadi ya mikono, yaani mara za kupaka, iwe sawa. Ukipaka upande mmoja, ule mwingine unanyonya unyevu na ubao unajikunja. Msasa upigwe nje ya nyumba na mvae barakoa, vumbi la mninga linakera kifua. Vifaa usiviingize mpaka harufu ya thina iishe kabisa. Tuletee picha.