Wakuu naombeni ushauri, bunduki gani ya kuwindia elk Colorado?

Mkazi_Houston: Wakuu habari za muda huu. Mwezi wa 10 naenda Colorado kuwinda elk, wale kulungu wakubwa wa Marekani, kwa mara ya kwanza, leseni ya mgeni peke yake zaidi ya dola 700 zimenitoka. Sasa nimekwama, nichukue bunduki ya risasi aina ya .300 Win Mag au 6.5 Creedmoor? Usingizi siupati, naogopa kumjeruhi mnyama halafu apotelee msituni. Wenye uzoefu nisaidieni.

Mzee wa Gobore: Babu yangu Rukwa alikuwa na gobore tu, ukishapiga mara moja unaanza kushindilia baruti upya, kwa hiyo alikuwa ananyata mpaka anamsikia mnyama anavyotafuna. Na hukohuko Colorado mwezi wa 9 kuna msimu wa magobore, ungeenda huo.

Dada Mpole: Kwani nyama ya buchani imeisha jamani? Unavuka majimbo kwenda kuua kiumbe cha Mungu.

Mzee wa Gobore: Dada, kuku wako wa Krismasi huwa anajichinja mwenyewe?

Fundi Risasi: Mleta mada, zote zinaangusha elk, hata .30-06 ya tangu 1906 inaangusha. Unampiga kutoka umbali gani? Mbona hilo hujasema.

Mkazi_Houston: Inategemea mkuu.

Fundi Risasi: Taja yadi.

Mkazi_Houston: Haya, muongozaji anasema kule ni mabonde mapana nijiandae kwa yadi 500. Kwenye kiwanja cha shabaha mimi nimeishia 100, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Lakini ile .300 nishailipia nusu na darubini yake ina mistari ya kukadiria umbali, kwa hiyo sioni kama ni ishu kubwa kihivyo.

Fundi Risasi: Ishu ndiyo hiyo sasa. Yadi 500 risasi inakaa hewani zaidi ya nusu sekunde, elk kashapiga hatua, ulilenga mapafu umempata tumbo. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa unaihamisha zaidi ya futi nzima. Halafu .300 ina teke begani, mgeni anafumba macho kabla hajafyatua, na mistari ya darubini haifumbui macho ya mtu.

Mkazi_Houston: Usinitishe mkuu, YouTube watu wanapiga hata 800.

Kijiwe Kahawa: Subirini kwanza. Huyu kwenye uzi mwingine alisema ana picha ya dume analolifuata, ya mwezi wa 5, pembe kama matawi ya mwembe. Elk dume anaangusha pembe Machi Aprili huko, mwezi wa 5 ana vinundu vya manyoya tu. Hii chai, tena ina tangawizi.

Dada Mpole: Nilijua tu 😂😂

Mkazi_Houston: Nilisema nimetumiwa mwezi wa 5, sijasema imepigwa mwezi wa 5. Leseni ninayo.

Kijiwe Kahawa: Iweke hapa, ficha jina.

Mkazi_Houston: Siweki nyaraka zangu mtandaoni.

Mzee wa Gobore: Chai au si chai, Colorado hawaruhusu kubeba pembe ukaacha nyama porini, ni kosa. Mimi niko Dallas na friza lipo tupu, njoo pm tuongee paja la nyuma.