Chembe za rangi zinakimbilia elektrodi moja badala ya kujipanga, nisaidieni

mtoto_wa_likoni:
Assalam aleikum wadau, niko Mombasa nafanya projekti ya mwisho chuoni. Nina vioo viwili vya ITO, yaani vimepakwa tabaka angavu linalopitisha umeme, ndivyo elektrodi zangu, katikati nafasi ya maikromita 10, nimejaza 5CB, ile fuwele kimiminika ya kawaida (kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga upande mmoja), nikachanganya na chembe za rangi nyekundu, ni vijiti hata maikromita moja havifiki. Nataka nikiwasha umeme vijiti visimame kufuata uga wa umeme rangi ipungue, nikizima vilale. Sasa nikiweka volti 5 za DC, umeme wa upande mmoja, mwanzo yaonekana kukubali halafu vyote vyaelekea elektrodi moja vyaganda huko, na asubuhi nikiangalia kwa maikroskopu ni mabonge tu. Nibadilishe nini jamani, hii kazi naipenda sitaki kubadilisha mada.

fundi_kongowea:
Yakhe toa hiyo DC. Chembe zina chaji kwa hivyo zavutwa upande mmoja tu, na ioni, vile vipande vidogo vyenye chaji vilivyomo kwenye kimiminika, nazo zaenda kujazana kwa elektrodi zinakinga uga, ndani kunabaki kidogo. Weka AC, umeme unaogeuka mwelekeo, ya kilohezi 1. Kama huna mashine ya mawimbi, simu na app ya toni na amplifaya ndogo yatosha, ila weka kapasita kwenye laini DC isipite. Na tafadhali stima ya ukutani usiisogelee, 240 itakuua.

mtoto_wa_likoni:
Shukran kaka. Lakini AC si yageuka geuka, vijiti si vitapinduka huku na huku?

bi_fizikia:
La mwanangu. Uga ukipita kwenye kijiti wakitia chaji chanya ncha moja na hasi ncha ya pili, uga ukigeuka na hizo zageuka pamoja nao, ndio maana nguvu ya kukizungusha yafuata mraba wa uga, chanya au hasi ni mamoja. Ile ya kuvuta chaji ndiyo yabadilika mara 2,000 kwa sekunde, chembe yatikisika palepale.

Mimi hayo mabonge ndiyo yanitia wasiwasi, na siyo DC peke yake. 5CB ikifika karibu nyuzi 35 mpangilio wake wapotea, yawa kimiminika cha kawaida. Joto letu la Machi, chumba cha mabati, na taa ya maikroskopu juu yake, wafika hapo bila kujua, halafu usiku ikipoa sehemu iliyojipanga yaanza kukua na yasukuma chembe mbele yake hadi zirundikane. Pima joto la seli yenyewe, hivyo vioo na kilichomo ndani, usipime la chumba.

nyali_optiki:
Bi kasema kweli. Ukipata E7, fuwele kimiminika nyingine, chukua hiyo, yabaki na mpangilio hadi karibu nyuzi 58.

mtoto_wa_likoni:
Sawa, na nitajuaje ni uga unaogeuza vijiti au ni 5CB inayoviburuta?

bi_fizikia:
Swali zuri sana hilo, liandike kwenye ripoti. 5CB yaanza kugeuka chini kidogo ya volti 1, unene wa seli haubadilishi kitu. Kwa hivyo panda taratibu kutoka sufuri ukiangalia kwa polaraiza moja (kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja) rangi yaanza kufifia wapi. Halafu pasha seli ipite nyuzi 36 makusudi, rudia na volti kubwa zaidi maana hapo 5CB haina mwelekeo wa kuwapa vijiti. Vikigeuka bado, ni uga wenyewe. Fanya hivyo mwisho kabisa, hiyo seli ikipoa itakuwa na mabonge.