Re: Matairi ya theluji ya pikapu (bima wamenigomea, Desemba 1 ndiyo hiyo!)

Mgeni wa Gatineau:

Shikamooni wakubwa, wengine habari za siku.

Nilihamia Gatineau, huku Quebec, mwezi wa tisa nikitokea upande wa Ontario, na namba za gari nimeshabadilisha ndani ya zile siku 90. Gari ni F-150, 4x4, tairi 265/70R17. Jana kampuni ya bima (jina nalihifadhi) wamenirudishia fomu. Wanataka picha ya ubavu wa kila tairi, yote manne, alama ya mlima na chembe ya theluji ionekane. Ya kwangu yameandikwa M+S tu. Nikapiga simu, dada akasema "hayo si ya baridi", akaniwekea muziki dakika arobaini, kisha simu ikakatika.

Nina maswali mawili. Ninunue P (tairi la gari la abiria) au LT (tairi la gari la mizigo)? Muuzaji mmoja ananiambia LT ya plai 10 ndiyo ya pikapu, mwenzake anasema nitajuta. La pili, yale matairi ya mwaka mzima yenye alama ya mlima, bima huwa wanayahesabu kuwa ya baridi au watanirudisha tena? Katikati ya wiki pikapu iko tupu, Jumamosi nabeba mbao.

Mzee Tope:

Marahaba kijana. Usibabaishwe na wauza matairi. Mimi nimeendesha Land Cruiser kwenye tope la masika miaka kumi na miwili, sijawahi kulala njiani. Theluji ni tope jeupe. Tia 4x4, punguza upepo kidogo, nenda taratibu. M+S maana yake tope na theluji, wameandika wenyewe!

Fundi Sherbrooke:

Mzee wangu, kwa heshima zote, ushauri huu utampeleka mtu mtaroni. 4x4 inakusaidia kuondoka. Kusimama haikusaidii hata chembe, gari zote hizi zina breki magurudumu manne. Nashinda gereji, na kila theluji ya kwanza wanaoletwa na breakdown ni haohao wenye 4x4 waliojiamini.

Kuhusu M+S: kwa Quebec, tangu Desemba 2014 maandishi hayo peke yake hayatoshi. Lazima alama ya mlima, au tairi la misumari. Faini ni dola 200 hadi 300 kabla ya gharama nyingine. Mpira wa tairi la kawaida unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, hata kama barabara ni kavu. Na upepo usipunguze, mzee, baridi inaupunguza yenyewe: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, karibu psi 1 imekwenda. Pima asubuhi gari halijatembea, fuata kibandiko cha mlangoni.

P au LT? Kwa F-150 inayokaa tupu wiki nzima, P. LT ya plai 10 ina ubavu mgumu, gari tupu litakurusha kila shimo. Ila angalia namba ya uzito kwenye tairi isiwe chini ya ile ya kiwandani.

Mama Wawili:

Sheria inaanza Desemba 15, si tarehe 1. Tusitishane.

Fundi Sherbrooke:

Dada, ilikuwa 15. Ilibadilishwa mwaka 2019. Sasa ni Desemba 1 hadi Machi 15.

Mama Wawili:

Haya, nimesikia, si lazima kunifokea.

Hakuna aliyemwambia kijana habari ya uzito wa nyuma. Pikapu tupu nyuma nyepesi, inacheza kama mkia wa mbwa. Mume wangu aliambiwa atie mifuko ya mchanga, akaona ya nini gharama, akaacha theluji ijae nyuma "iwe mzigo". Jua likatoka tukiwa kwenye autoroute 40, bonge zima likainuka likamwangukia wa nyuma yetu kwenye kioo. Mchanga, basi, juu ya ekseli ya nyuma, na uufunge kamba. Ukipiga breki mfuko haubaki ulipouweka.

Wa Saguenay:

Huku kwetu tunafunga misumari na maisha yanaendelea. Quebec inaruhusiwa Oktoba 15 hadi Mei 1. Ila wewe wa Gatineau kama unavuka daraja kwenda kazini Ottawa, ulizia kwanza, wakaazi wa kusini mwa Ontario hawaruhusiwi misumari.

Mzee Tope:

Sijasema asinunue. Nimesema taratibu.

Halafu hii bima ya kukagua tairi kwa picha inatoka wapi? Si tunalipa SAAQ, hiyo bima ya serikali ya Quebec, kila mwaka?

Fundi Sherbrooke:

SAAQ ni kwa kuumia mwili, mzee. Bati na kioo ni kampuni binafsi.

Mzee Tope:

Najua! Nasema pesa zinakwenda wapi. SAAQclic hiyo, huduma yao ya mtandaoni, Mkaguzi Mkuu wa Quebec kasema itafika dola bilioni 1.1, tume ikaundwa, na foleni za 2023 kila mtu aliziona kwenye habari. Tungekuwa nyumbani tungesema Afrika bwana. Huku wanaita "changamoto za mfumo".

Wa Saguenay:

😂 Inaanguka sasa hivi ninavyoandika. Hata harufu haina. Mvua ya kwanza ikipiga vumbi, ile harufu... basi, acha nikachomeke hita ya injini.

Mgeni wa Gatineau:

Asanteni wote. Nimepata seti ya P kwa mtu, mlima upo, anasema "karibu mapya", pamoja na ringi zake. Namba ya mwisho ya DOT, ile ya ubavuni mwa tairi, ni 2217. Sawa? Na lile swali langu la bima?

Fundi Sherbrooke:

2217 ni wiki ya 22 ya mwaka 2017. Meno yanaweza kuwa marefu, mpira umeshazeeka. Kwa barafu, achana nayo.

Mgeni wa Gatineau:

Sawa fundi. Na bima, ya mwaka mzima yenye mlima wanakubali? Kuna aliyepeleka picha akapita?

Mama Wawili:

Mdogo wangu, Jumamosi ukishapeleka mbao zako pikapu itakuwa na nafasi? Nina kabati Hull la kuhamisha, si zito. Na wewe si unatafuta uzito wa nyuma?