Miaka 11 ya ualimu naambiwa "huna uzoefu". Nimechoka kudharauliwa!

Wakuu, habari za usiku.

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Jana nilikuwa kwenye usaili wa utunza stoo, kampuni moja ya kuhifadhi mizigo hapa Tanga, jina lake halina haja. Kijana aliyenisaili alisoma mstari wa kwanza wa CV yangu akaiweka mezani. "Ticha, sasa huku stoo unakuja kumfundisha nani?" Wenzake wawili wakacheka. Nikataka kueleza, akanikata: "Kaka, sisi tunatafuta mtu mwenye uzoefu." Sikumaliza hata dakika tano mle ndani. Nimetembea kutoka kule hadi Ngamiani kwa miguu kwa sababu nilijua nikipanda daladala nitamgombeza mtu asiye na kosa.

Huu ni usaili wa nne tangu niache kazi mwezi wa sita 2025. Wa nne! Na kote neno ni hilo hilo.

Sasa naomba niwaeleze huo "ukosefu wa uzoefu" wangu.

Niliajiriwa 2014, sekondari moja ya kata huko Mkinga, unashuka barabara ya Horohoro halafu bodaboda inakupeleka ndani. Masomo yangu ni biashara na utunzaji hesabu. Yaani kazi yangu ya kila siku ilikuwa kufundisha watoto leja, urari, kitabu cha fedha, bidhaa zinaingia vipi na zinatoka vipi. Mtu huyo ndiye anaambiwa hajui stoo.

Lakini tuache ya ubaoni. Mwishoni mwa 2021 zilikuja zile fedha za UVIKO-19 za kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila darasa. Shule yetu ikapata mawili. Kazi ilikuwa ya fosi akaunti: mkandarasi hakuna, shule inanunua vifaa yenyewe, fundi analipwa ufundi wake tu. Zikaundwa kamati tatu, manunuzi, mapokezi ya vifaa na ujenzi. Mimi nikawa katibu wa mapokezi, na stoo nikakabidhiwa mimi. Stoo yenyewe ilikuwa darasa la kidato cha kwanza B, tuliwahamishia watoto chini ya mwembe.

Lori la kwanza la saruji liliingia saa tano usiku. Nilihesabu mfuko mmoja mmoja kwa tochi ya simu. Hati ya dereva inasema 200, mimi nimepata 198, na miwili kati ya hiyo imepasuka. Dereva akapiga kelele, akampigia bosi wake, bosi akampigia mkuu wa shule. Sikusaini mpaka hati ilipoandikwa upya. Siku nondo za milimita 12 zilipofika nikaona macho yangu hayakubali, nikaenda maabara ya fizikia nikachukua vernia kalipa, ile ile wanayosomea watoto vipimo, nikazipima pale pale kwenye lori. Karibu robo ya mzigo ilikuwa milimita 10. Zikarudi! Mzabuni aliniapia kwamba hatanisahau.

Kwa wiki tisa niliandika kila msumari uliotoka stoo. Nani kachukua, saa ngapi, wa kazi gani, baki kiasi gani. Na vipindi vya kidato cha nne niliingia kama kawaida. Wakaguzi walipokuja walikaa na leja yangu siku nzima, wakaifunga bila hoja hata moja. Nakala yake ninayo, hata jana ilikuwa kwenye begi. Hakuna aliyeomba kuiona.

Na msidhani ni mimi peke yangu. Walimu wa nchi hii wanashika akaunti za shule maana mhasibu hayupo. Wanasimamia chakula cha mchana, wanapima magunia, wanapatanisha ndoa za wazazi, wanasimamia mitihani ya taifa ambayo karatasi ikipotea moja unakwenda polisi. Halafu mtu anasema huyu anajua chaki tu.

Mtauliza kwa nini niliacha. Nitasema kwa kifupi, maana nikianza hatutalala. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 watoto wakaongezeka, na nilifurahi, Mungu shahidi, kuna watoto wasingeonja sekondari. Lakini mkondo wangu mmoja ulifika wanafunzi 94 na mwalimu wa somo ni mimi tu. Daraja la mshahara nilikaa lile lile miaka saba. Makato ya mkopo wa chuo yakatoka asilimia 8 yakafika 15. Tulipohamishwa kutoka OPRAS, ile ya kupima utendaji wa mtumishi kwa fomu, kwenda PEPMIS ya mtandaoni, ikawa jioni mwalimu mzima unazunguka kwenye mikorosho umeinua simu, unatafuta mtandao ili ujaze kazi uliyofanya leo. Yote hayo nilivumilia.

Kilichonivunja ni kikao kimoja cha tathmini ya matokeo. Afisa mmoja alikuja, akaamuru walimu wa kidato cha nne tusimame mbele ya wazazi na wanafunzi, kila mmoja ataje F za somo lake. Mimi nikataja zangu. Ikafika zamu ya mwalimu wetu wa Kiingereza, mama wa watu, amebakiza miaka mitatu astaafu. Huyu mama watoto walikuwa wanamfikia kidato cha kwanza hawajui kusoma sentensi nzima, na kila siku saa nne, wenzake tukienda chai, yeye alibaki na kundi lake akiwafundisha kusoma herufi kwa herufi. Hakulipwa hata shilingi. Akashika ukingo wa meza, akasema, "Hamsini na moja." Afisa akamwambia arudie, nyuma hawajasikia. Akarudia. Mtoto mmoja wa kidato cha tatu, ambaye najua kabisa ni yeye aliyemfundisha kusoma, akainamisha kichwa akaanza kulia.

Usiku ule niliandika barua. Nilikaa nayo mwaka mzima na miezi, nikaipeleka.

Sasa sikilizeni namna mlango wa kutokea ulivyofungwa, maana vijana mlio kazini mnapaswa kulijua hili kabla ya kusaini chochote. Nimechangia mfuko wa hifadhi ya jamii miezi 132. Pensheni inataka miezi 180. Nimepungukiwa 48. Fao la ukosefu wa ajira silipati, sheria imelitenga kwa aliyeachishwa, si aliyeacha kwa hiari yake. Kwa hiyo jasho langu la miaka 11 limekaa huko, nami nina miaka 37, eti nisubiri mpaka nifike 55. Njia ninayoiona ya kufikisha hiyo miezi 180 ni kupata ajira nyingine ili michango iendelee. Na ajira nyingine ndiyo hiyo ninayochekwa nikiiomba. Mkopo nao haujui kama nimeacha kazi, deni liko pale pale.

Bi mkubwa wangu, yuko Makorora, nilipomwambia alinyamaza kitambo. "Mwanangu, kazi ya serikali waiachaje?" Simlaumu, alinisomesha kwa kuuza vitumbua. Ninaowalaumu ni nyinyi wa ushauri wa bure: fuga kuku, nunua bodaboda, nenda Muheza ukachukue machungwa upeleke Dar. Mtaji unautoa wapi? Mmewahi kuona machungwa yanavyooza lori likiharibika siku mbili njiani? Mtu anakuuliza njia ya kutumia ujuzi alionao, wewe unamtupia biashara ambayo mwenyewe hujaifanya hata wiki.

Ninachokula sasa kinatokana na ujuzi ule ule unaodharauliwa. Kuna kikundi cha akina mama wa mwani kule kule Mkinga, nilisomesha watoto wao. Walikuja nyumbani na daftari lao la kaunta, kila mama kaandikwa kwa rangi yake ya kalamu kwa sababu wengine hawasomi majina. Walitaka niwaandikie katiba na andiko la mradi ili waombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake. Nikaomba kwanza nipitie hesabu. Siku ya pili nikakuta mnunuzi wao, ambaye huwakopesha kamba za kupandia mwani, amewakata deni moja mara mbili, mwezi wa tatu na tena mwezi wa tano, kilo zile zile. Tukamfuata na daftari. Alirudisha shilingi 84,000. Mama mmoja alizihesabu akazifunga kwenye ncha ya kanga, akaniambia, "Mwalimu, miaka yote hii twaibiwa na kalamu." Sasa nashika vitabu vya vikundi vinne, elfu kumi na tano kila kimoja kwa mwezi. Haitoshi kodi na chakula cha watoto wawili. Lakini ni kazi, naijua, na hakuna aliyenicheka.

Sisemi niajiriwe kwa huruma. Tangazo likitaka usajili wa PSPTB, ile bodi ya ununuzi na ugavi, sawa, nitasoma na mitihani nitafanya. Lakini VETA wanampima fundi aliyejifunzia gereji au saiti, akionyesha anaweza anapewa cheti bila kuanza moja. Kwa nini mwalimu aliyeshika stoo ya milioni 40 za serikali asipimwe hivyo hivyo? Nipeni stoo wiki moja, nipeni hesabu za mwezi uliopita, nitafutieni kosa. Mkinikuta sijui, nitaondoka mwenyewe.

Na wewe kijana uliyenisaili jana, najua humu huwa mnapita. Aliyekufundisha kuandika hilo jina ulilosaini kwenye kitambulisho chako cha kazini alikuwa mwalimu. Ulinicheka mbele ya leja ambayo hukuifungua.

Nawauliza walimu mliotoka mkaingia ghala, hesabu, bima, forodha, popote, hasa mlioko Tanga: kwenye CV mliandika nini mpaka wakawasikiliza? Mliutoa ualimu juu mkaushusha chini? Mliambatanisha leja, barua ya mkuu wa shule, ripoti ya wakaguzi? Jibuni hapa hapa kwenye uzi, msije inbox, kuna wenzangu wengi wanasoma kimya na barua zao ziko kwenye droo.