Kisantali kiandikwe kwa herufi zipi?

MLETA MADA: Wakuu, Kisantali kina wasemaji zaidi ya milioni 7, wengi wakiwa mashariki mwa India. Ajabu, kinaandikwa kwa hati tano, yaani aina tano za herufi: Ol Chiki, Kirumi (herufi hizi tunazoandikia Kiswahili), Kibengali, Devanagari (ya Kihindi) na Kiodia. Mtoto wa jimbo la Jharkhand akiandikiwa barua na binamu yake wa jimbo jirani la West Bengal anaweza ashindwe kuisoma, ilhali wakikutana wanapiga soga bila shida.

Mimi nasimama na Ol Chiki. Raghunath Murmu wa Mayurbhanj, Odisha, aliibuni mwaka 1925 akifuata sauti za Kisantali chenyewe. Chukua neno dak', yaani maji. Ile k ya mwisho haitoki nje, pumzi inakatikia kooni. Ol Chiki ina herufi yake, AG, na irabu ikifuata, herufi hiyohiyo husomeka g, kama wasemaji wanavyotamka. Herufi UD ina umbo la uyoga, maana ud kwa Kisantali ni uyoga. Zote ni 30, safu sita, kila safu inaanza na irabu. Mtoto akizijua hizo, ameijua hati ya kwao, hajaazima kwa jirani.

MCHANGIAJI: Mkuu, nakupinga kwa heshima. Kirumi nacho kinaiandika hiyo dak', tena vizuri. Kamusi ya Mnorwei Paul Olaf Bodding, juzuu tano, 1929 hadi 1936, ni ya Kirumi, na sauti hiyo ya kooni imewekewa alama. Hazina yote hiyo tuifungie kabatini?

Halafu tazama Bangladesh. Mwaka 2017 serikali ilitoa vitabu vya elimu ya awali kwa lugha tano za jamii ndogo: Chakma, Marma, Garo, Tripura na Sadri. Kisantali kikaachwa, kwa sababu wenyewe walikuwa bado wanavutana, hawa Kirumi, wale Kibengali. Watoto wa wenzao wakapata kitabu, wa kwao wakakosa.

MLETA MADA: Ndugu yangu, hilo la Bangladesh linaniuma kweli. Lakini mvutano ule haukuwa wa sauti. Kirumi kilionekana cha Wakristo, Kibengali cha Wabengali walio wengi. Ndiyo maana nataka hati isiyo ya yeyote kati yao.

Kuhusu hazina uko sahihi, na sisi Waswahili tunalijua jambo hili. Nyumbani kwetu kuna barua za babu, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, na katika ukoo mzima hakuna anayezisoma. Sitaki Wasantali yawakute hayo. Kamusi ya Bodding iandikwe upya kwa Ol Chiki. Tangu 2003 Kisantali kimo katika Jedwali la Nane la Katiba ya India, ile orodha ya lugha zinazotambuliwa, na tangu 2008 Ol Chiki imo katika Unicode, mfumo wa herufi za kompyuta na simu, kwa hiyo hata simu inaiandika. Kazi hiyo inawezekana.

MCHANGIAJI: Sawa mkuu, inawezekana. Na mpaka iishe, mtoto Msantali wa Rajshahi, kule Bangladesh, anayeanza shule Januari asome nini?